Golf au Mercedes? Waulizeni Wakaao Nyuma

Jumapili tatu zimepita tangu baba yangu mdogo alipotuita nyumbani kwake hapa Gahanga, akatuambia ya kwamba fedha alizokuwa akiweka akiba kwa miaka sita sasa zatosha kununua motokaa. Alikuwa amekwisha kuona mbili mjini Kigali, zote zimetumika Ulaya, na bei zake zapishana kidogo tu. Ya kwanza ni Volkswagen Golf GTI ya mwaka 2015, nyekundu, fupi, ya mbio, yenye mlango wa nyuma ufungukao kwenda juu. Ya pili ni Mercedes-Benz C180 ya mwaka uo huo, nyeupe, nayo ni katika zile Mercedes ambazo mtu wa mshahara wa wastani akijikaza aweza kuzifikia zikiwa zimetumika. Magari ya Japani yenye usukani wa kulia, yale yashushwayo kwa wingi Mombasa na Dar es Salaam, hayatufai sisi, kwa kuwa Rwanda twaendesha upande wa kulia wa njia. Akasema, "Haya, semeni. Nichukue ipi?"

Kaka zangu wawili wakasema Golf, kwa sauti moja, kabla hajafunga kinywa. Mama mdogo akasema Mercedes. Jirani aliyekuja kuazima ngazi naye akasema Mercedes, akaondoka akaisahau ngazi. Mimi sikuulizwa, maana nilikuwa nikipakua maharage, na watu hudhani mtu akipakua chakula hasikii. Nilisikia yote. Basi namwomba Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili anipe nafasi niseme neno langu, nanyi wasomaji mnihukumu.

Kwanza nieleze haki yangu ya kusema. Nina miaka kumi na tisa, sina leseni, wala sijapata kushika usukani hata uwanjani. Lakini tangu bibi yetu aumie nyonga, kila likizo mimi ndiye nimsindikizaye hospitali, nami hukaa naye kiti cha nyuma, kichwa chake begani pangu, katika magari ya kukodi na ya kuomba ya kila namna. Wale wabishanao juu ya motokaa hubishana juu ya kiti kimoja, kile chenye usukani. Viti vilivyobaki havina wakili. Nimejifanya wakili wao.

Kaka zangu si wajinga, na sababu zao nimezichunguza. Golf GTI si gari la jana. Volkswagen waliionyesha mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1975, ikaanza kuuzwa mwaka 1976: gari dogo la watu wa kawaida lililotiwa injini ya nguvu za farasi 110. Walikusudia kutengeneza 5,000 tu, wakidhani wanunuzi hawatazidi hapo. Za umbo lile la kwanza wakatengeneza zaidi ya 450,000. Watu waliotaka mbio bila kuwa matajiri walikuwa wengi kuliko kiwanda kilivyodhani. Hii aliyoiona baba mdogo ina nguvu za farasi 220, na yaweza kupita kilometa 240 kwa saa.

Hapa niongeze jambo ambalo kaka zangu hawakulijua. Viti vile vya GTI vyenye kitambaa cha mirabamiraba, na kile kirungu cha gia kilicho mfano wa mpira wa gofu, ambavyo wao huvisifu sana, vilibuniwa na mwanamke, Gunhild Liljequist. Kabla hajaingia Volkswagen mwaka 1964 alikuwa akichora mapambo juu ya vyombo vya kauri. Niliwaambia tulipokuwa tukiosha sahani. Mmoja akasema, "Kumbe!" Mwingine akanyamaza.

Mama mdogo naye ana yake. Asema Mercedes ni heshima, na sote twajua asemacho. Katika Afrika ya Mashariki ile nyota imeingia hata katika lugha: baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, watu walianza kuwaita wakubwa wenye magari hayo Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya. Halikuwa neno la sifa. Lakini mama mdogo hana haja na siasa. Ataka siku ya harusi ya binti yake asipige magoti kwa mtu kuomba gari. Kiwanda chenyewe kiliifahamu haja ya namna hiyo zamani. Mwaka 1982 walitoa Mercedes 190, ndogo kuliko zote walizokuwa wakiuza wakati ule, nayo ikapewa jina la utani la mtoto wa Benz. Mwaka 1993 mahali pake pakashikwa na aina ya C, na C180 ni katika ngazi za chini za aina hiyo. Yaani nyota ni ile ile, kizingiti ndicho kilichoshushwa.

Kaka yangu mkubwa alidai kwamba Mercedes ni gari la wazee, halikuumbwa kwa mwendo. Nikaenda maktaba. Katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Mercedes ilishinda mwaka 1959, 1960 na 1961, mfululizo. Tatu kwa tatu, na matope ni yale yale. Tangu siku ile hoja ya wazee na vijana imekufa nyumbani kwetu, nami sikwenda kuizika.

Sasa na tuitazame njia yenyewe. Kutoka Gahanga kwenda mjini twafuata barabara kuu itokayo Bugesera na Nyamata kupitia Kicukiro, lami nzuri. Katika jiji mwisho wa mwendo ni kilometa 60 kwa saa sehemu nyingi, na ziko kamera za polisi ambazo watu wa Kigali wameziita Sofia. Sofia hana usingizi wala ujamaa. Najua vichwa vya vijana vimepata moto tangu Desemba 2024, Rais alipotangaza hapa Kigali kwamba Rwanda yaomba kuleta mashindano ya Formula 1, tena ikasemwa kwamba uwanja wa mbio utakuwa Bugesera karibu na uwanja mpya wa ndege, ng'ambo ya Nyabarongo, yaani mbele ya kwetu tu. Vema. Lakini hata njia ya kwenda kutazama mbio itakuwa na Sofia. Kwa hiyo mbio za GTI hatuzinunui ili kuzitumia, twazinunua ili kujua kwamba zipo. Na Mercedes nayo yaweza kupita 220. Zote mbili zitapanda kilima nyuma ya lori la mchanga, polepole, zikivuta moshi ule ule.

Mambo yenyewe huanza pale lami inapokwisha. Toka barabara kuu hadi kwa bibi ni dakika ishirini kwa miguu, njia ya udongo mwekundu iteremkayo, na katika mwezi wa Aprili maji huichimba mifereji miwili ambayo sisi tulipokuwa watoto tulikuwa tukiiruka kwa mchezo. Aprili iliyopita tulikodi gari dogo la chini kumrudisha bibi kutoka hospitali. Likakaa juu ya tumbo lake kati ya mifereji ile. Dereva akashuka, nami nikashuka; bibi hakuweza kushuka. Tukalisukuma naye yumo ndani, na mvua yanyesha, naye akituomba radhi kupitia dirishani, kana kwamba ni kosa lake kuwa na uzito. Kule kuomba radhi kwake ndiko kulikonishikisha kalamu, si Golf wala Mercedes.

Baadaye nilisoma habari za Bertha Benz, mke wa yule Karl Benz mwenye kuunda gari. Mwaka 1888 alilichukua gari la mumewe bila kumwambia, akatoka Mannheim na wana wake wawili kwenda Pforzheim kumwona mama yake, safari ya kilometa zaidi ya 100, na penye vilima wakasukuma. Basi hata ukoo wa Mercedes ulianza kwa kusukuma. Nimemsimulia bibi habari hiyo. Imempendeza kuliko dawa.

Rudi kwenye vipimo. Golf GTI ya namna ile imeshushwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida, ili ishike njia penye kona. Hii aliyoiona baba mdogo ina magurudumu ya inchi 18, na juu ya tairi pameandikwa 225 kwa 40. Maana yake ubavu wa tairi, toka chuma hadi ardhi, ni sentimeta 9 tu. Shimo moja la Aprili, na chuma chagonga jiwe. Mercedes nayo haina miguu mirefu. Katika njia ya kwa bibi zote mbili ni wageni, tusidanganyane. Lakini mgeni mmoja ni mfupi: Golf haifiki mita 4.3, na Mercedes yakaribia 4.7. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma Golf ina mita 2.63, Mercedes 2.84. Gari refu la chini likivuka tuta huketi juu ya tumbo lake upesi kuliko fupi, na sisi ya kuketi juu ya tumbo twayajua.

Haki ya Mercedes niitoe. Ule urefu ndio nafasi ya magoti ya bibi. Juu ya lami Mercedes hutulia, na kiti chake cha nyuma ni kizuri mno. Springi za GTI ni ngumu, kwa kuwa ni gari la mbio. Kila tuta la barabarani bibi atalihesabu kwa nyonga yake. Hapo Mercedes yashinda, nami sina la kujibu.

Lakini safari ya mgonjwa haianzi akiwa amekwisha kuketi. Huanza katika kuingia. Nilimwomba baba mdogo anichukue mjini siku ya Jumamosi nizione, naye akakubali, nadhani kwa kustaajabu. Nilichukua kipande cha kamba nilichopimia kiti cha magurudumu cha bibi kikiwa kimekunjwa. Paa la Mercedes lateremka kuelekea nyuma, na mtu asiyeweza kukunja nyonga vema ni lazima ainamishe shingo, huku mguu mmoja ungali nje. Paa la Golf lakwenda karibu sawa hadi mwisho. Nikaingia na kutoka mara nne katika kila gari, nikijifanya bibi, mguu wa kushoto nikiukaza. Watu wa pale wakacheka. Kisha tukafungua nyuma. Kwa lita, buti la Mercedes ni kubwa, 480 kwa 380 za Golf. Lakini lita zile huingiliwa kwa mdomo mwembamba, na kamba yangu ilipita kwa kulazwa upande. Kwa Golf tuliondoa kile kibao cha juu, na kamba ikapita wima, nafasi ikabaki. Tena viti vya Golf ukivilaza wapata lita 1,270, ndiyo magunia ya mihogo na godoro, maana gari likifika Gahanga halitabeba watu peke yao. Likishajulikana liko, litaitwa msibani, litaitwa kwenye mahari, litaitwa usiku mke wa jirani akishikwa na uchungu. Wala huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hili ni la mbio.

Nije kwenye fedha, ambako ndiko penye hatari. Kodi haikuchagua upande. Injini ya Golf ni ya lita 2.0, ya Mercedes 1.6, na zote mbili zaangukia kundi moja la kodi ya bidhaa, 10 kwa mia, juu ya ushuru wa forodha wa 25 kwa mia, kisha kodi ya ongezeko la thamani 18. Ukipiga hesabu, gari lililofika mpakani kwa faranga 100 laingia nchini kwa 162, mbali na tozo ndogondogo. Hayo yamo katika bei. Yasiyomo ndiyo ya kuogopa. Gari la fahari likitumika miaka, bei yake hushuka, bali bei ya vipuri vyake haishuki. Baba mdogo ataipata Mercedes kwa bei ya gari la kawaida, lakini taa ikivunjika atauziwa taa ya Mercedes. Nyingine za aina ile zina hata springi za hewa badala ya chuma, na mfuko wa hewa ukipasuka Gahanga sijui ni fundi gani wa karibu atakayeukaribia kwa ujasiri.

GTI nayo si ya bure. Hii ni ya gia za kujibadili zenyewe, na mafuta ya gia hizo yapasa kubadilishwa kila kilometa 60,000. Mwenye kuyasahau hulia. Lakini sehemu zake nyingi, vioo, milango, vyuma vya chini, ni ndugu wa zile za Golf za kawaida zilizojaa duniani. Tena Volkswagen wana kiwanda cha kuunganisha magari hapa Kigali tangu Juni 2018, na mafundi waliokwisha kuyazoea magari yao si haba.

Nimesema penye hatari kwa kuwa mfuko ni mmoja. Baba yetu hayupo tena. Baba mdogo ndiye alipaye ada yangu na ya mdogo wangu wa kidato cha pili, mbali na watoto wake mwenyewe. Yeye hasemi, nasi hatusemi. Lakini motokaa ikilala gereji miezi miwili, najua ni kitu gani kingine kitakacholala.

Mtu ataniuliza: ya nini basi yote haya? Si anunue Polo ya kawaida, au gari la miguu mirefu, au la umeme ambalo tangu 2021 Serikali imelipunguzia kodi? Nilimwuliza vivyo hivyo, kwa adabu, tulipokuwa twarudi. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, miaka sita nimepanda basi na moto, kwa mvua na kwa jua. Niache nitamani kidogo." Nikaona haya. Mtu ambaye fedha zake zimevaa sare za shule za watoto wasio wake ana haki ya kitu kizuri, tena chekundu. Ndiyo maana sikumwambia aache kutamani. Nilitafuta tu ni tamaa ipi katika hizi mbili ambayo bibi aweza kuingia ndani yake.

Kwa hiyo kura yangu ni Golf, pamoja na kaka zangu, ingawa sababu zetu hazijuani. Nina masharti. Magurudumu ya inchi 18 yatoke, yatiwe ya 17 yenye tairi za 225 kwa 45, tupate sentimeta moja zaidi ya mpira kati ya chuma na jiwe. Si nyingi, lakini huo ndio unene wa kidole changu. Fundi asiye rafiki wa muuzaji azitazame gia na kitabu cha matengenezo. Na liangaliwe kama lina tairi la akiba, maana magari mengi ya siku hizi hutolewa na chupa ya dawa ya kuzibia tu, na dawa ile haizibi tairi lililopasuka ubavu. Ama mama mdogo, binti yake ana miaka tisa. Siku ya harusi tutakodi Mercedes, tena mpya kuliko hii.

Baba mdogo bado hajalipa. Amenikubalia jambo moja: mwenye gari atailete Golf hadi kwa bibi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi baada ya umuganda, ikiwa mvua ikiwa jua, na bibi aingie na kutoka mara mbili mbele yetu sote. Bibi amekwisha kuambiwa. Ameniuliza kama gari hilo lina ngazi.